Nimezipanga sakafuni picha zangu zote za miaka tisa: penseli, rangi za maji, akriliki, mafuta, pasteli na mkaa

Mwanzisha uzi:

Ndugu wanajukwaa, mimi ni mchoraji wa ridhaa. Sikusomea uchoraji, siuzi picha, na kazi inayonilisha haihusiani kabisa na rangi. Hata hivyo nimekuwa nikichora kwa miaka tisa, kila nipatapo nafasi, na mwezi uliopita niliondoa samani zote chumbani nikazipanga picha zangu sakafuni kwa mfuatano wa miaka. Zilikuwa 74. Zilianza za penseli, zikafuata za rangi za maji, kisha akriliki, kisha mafuta, na mwishoni pasteli, yaani vijiti vya rangi kavu, na mkaa. Humo mna chupa, mikono, bahari iliyochafuka, paka wawili, sura za watu wa nyumbani, ngazi ya nje iliyopigwa na jua, na picha nne dhahania ambazo leo sikumbuki nilikusudia nini nilipozichora.

Nilitarajia kuufurahia wingi huo, lakini kadiri nilivyozitazama ndivyo nilivyohisi kwamba zote zina ugonjwa mmoja ambao sikuweza kuutaja. Nikazipiga picha kwa simu na kuondoa rangi ili zibaki nyeusi na nyeupe. Karibu zote zikawa kijivu cha aina moja, kama majivu yaliyosambazwa kwa mkono. Kitambaa chekundu nilichokipaka kwa bidii mbele ya majani ya kijani kilipotelea ndani ya majani hayo, kwa sababu wekundu ule na ukijani ule vilikuwa na kiwango kimoja cha mwanga. Katika sura ya mjomba wangu, pua ilitoweka kabisa na kuacha macho mawili yakielea juu ya mdomo.

Kwa miaka yote hiyo, picha iliponishinda nililaumu rangi niliyokuwa nikitumia, nikahamia nyingine. Naomba nieleze nilivyohama, kwa kuwa nadhani wapo wengi humu waliopita njia hiyo hiyo.

Rangi za maji ndizo zilizonitesa kwa muda mrefu zaidi. Chembe za rangi humo hushikiliwa na gundi ya mgunga, ile inayoitwa gamu arabika, na maji ndiyo yanayozisambaza juu ya karatasi. Kwa desturi mchoraji wa rangi za maji hatumii rangi nyeupe. Weupe wake ni karatasi yenyewe, na kwa hiyo sehemu yenye mwanga mkali kuliko zote lazima aiamue kabla hajachovya brashi, kisha aizunguke bila kuigusa. Kazi huanza na tabaka hafifu, likauke, kisha lije lililokolea zaidi juu yake. Mimi nilikuwa mwoga. Niliweka tabaka nikaliona limekolea vya kutosha likiwa bichi, nikaliacha, na baada ya robo saa nikalikuta limepauka, kwa maana ndivyo rangi za maji zinavyofanya zikikauka. Nilipoongeza la pili kwa kusugua, la chini liliamka na picha ikawa tope. Nilibadilisha karatasi mara tatu, hadi nikafika kwenye karatasi ya pamba tupu yenye uzito wa gramu 300 kwa mita ya mraba, ambayo haijikunji sana ikilowa. Karatasi hiyo kweli ni bora na sijutii kuinunua, ila picha zangu ziliendelea kuwa hafifu, sasa zikiwa hafifu juu ya karatasi nzuri.

Nikahamia akriliki nikiamini kwamba rangi inayofunika ndiyo dawa. Akriliki ni chembe za rangi ndani ya utomvu wa plastiki uliochanganywa na maji. Maji yakishatoka, plastiki hushikana na tabaka halifunguki tena kwa maji. Hapo nilipata uhuru wa kufunika makosa, na nikautumia vibaya, kwani kila kosa nililifunika kwa rangi iliyotiwa nyeupe mpaka picha nzima ikawa na sura ya chaki. La kuchekesha ni kwamba akriliki hufanya kinyume cha rangi za maji: huzidi kukolea ikikauka, kwa kuwa utomvu wake ni mweupe kama maziwa ukiwa mbichi na huwa angavu ukishakauka. Jicho langu, lililokuwa limezoea kukisia upaukaji, likaanza kukosea upande wa pili.

Rangi za mafuta nilizipenda kwa sababu hazimharakishi mtu. Mafuta ya kitani hayakauki kwa kugeuka mvuke; huchukua oksijeni kutoka hewani na kugeuka polepole kuwa utando mgumu, kwa hiyo unaweza kulainisha ukingo wa shavu leo na kuendelea kesho. Nilifurahi mno, nikalainisha kila ukingo uliokuwapo. Sura zote za watu nilizochora mwaka wa sita zinaonekana kama watu waliosimama nyuma ya kioo chenye ukungu.

Mkaa ndio ulionifichua, kwa kuwa hauna wekundu wala ubuluu wa kujifichia. Baada ya kuona picha zile za kijivu kwenye simu, nilichukua chupa tatu, moja ya kioo cha kijani iliyokolea, moja ya kioo kisicho na rangi, na moja ya udongo iliyopakwa nyeupe, nikazisimamisha juu ya kitambaa cheupe, mwanga ukitoka dirisha moja tu la upande wa kushoto. Nikazichora mara tano: kwa mkaa, kwa rangi za maji, kwa akriliki, kwa mafuta na kwa pasteli. Kila mara nilianza na mchoro mdogo usiozidi kiganja, wenye viwango vitano tu vya mwanga kutoka mweupe hadi mweusi, na sikuruhusu mkono wangu kugusa rangi kabla mchoro huo haujasomeka nikiwa nimesimama upande wa pili wa chumba.

Niliyoyaona yalinishangaza. Upande wa chupa nyeupe uliokuwa kivulini ulikuwa na giza kuliko ule mng'ao mdogo ulio juu ya bega la chupa ya kijani, na giza hilo sikuwa nimeliona kwa miaka tisa kwa sababu akili ilikuwa imekwisha kuniambia kwamba chupa ni nyeupe. Nilipofumba macho nusu, nililiona. Nilielewa pia kwa nini kunakili kila kitu hakuwezekani: karatasi nyeupe hurudisha mwanga takriban mara ishirini au thelathini tu ya ule unaorudishwa na rangi nyeusi isiyong'aa, ilhali mahali penye jua na kivuli tofauti hiyo hufika mara mamia na zaidi. Mchoraji ana ngazi fupi, naye lazima achague ni vipandio vipi avitumie na vipi avirukie.

Hoja ninayoileta kwenu ni hii. Nadhani kubadilisha aina za rangi kunamfaidi mchoraji wa ridhaa pale kitu kinachochorwa kinapobaki kilekile. Mimi nilikuwa nabadilisha vyote viwili kwa pamoja, rangi mpya na mada mpya, na kwa hiyo sikuweza kujua kipi kimenishinda. Karibuni kwa michango.

Mchangiaji wa kwanza:

Ndugu mwanzisha uzi, nimesoma kwa makini na ninakubaliana nawe kuhusu mwanga na kivuli, lakini hitimisho lako sikubaliani nalo. Chupa tatu kwa rangi tano ni kujifariji. Mtu akitaka kujua rangi za maji akae nazo miaka mitatu bila kugusa kingine, kwa sababu mambo yenyewe hayajifunzi kwa akili bali kwa kiwiko na kifundo cha mkono: ni kiasi gani cha maji kimebaki kwenye brashi, karatasi imelowa kiasi gani, ni wakati gani ng'ao ya maji imetoweka na ni hatari kuigusa tena. Mchoraji Mholanzi Van Gogh alianza uchoraji mwaka 1880 akiwa na umri wa miaka 27, na miaka yake ya mwanzo aliitumia zaidi kwenye michoro kabla ya kuzama katika rangi za mafuta, ingawa alifariki mwaka 1890 na hakuwa na muda wa kupoteza. Wewe umeonja vyungu vyote na hujashiba hata kimoja.

Mwanzisha uzi:

Nimeipokea, na sehemu ya kiwiko na kifundo siwezi kuipinga; mchoro wangu wa rangi za maji ndio ulio dhaifu kuliko yote mitano, na udhaifu wake ni wa mkono. Ila nikuletee mfano wa upande wangu. Mchoraji Mfaransa Edgar Degas aliwachora wachezaji wa baleti kwa mkaa, kwa mafuta, kwa pasteli na kwa pasteli iliyopakwa juu ya picha iliyopigwa chapa, na akawafinyanga hata kwa nta. Kwa miongo kadhaa mada ilibaki ileile, na zana ndiyo iliyobadilika. Sijilinganishi naye hata kidogo. Ninachosema ni kwamba mtu anaweza kukaa mahali pamoja kwa mada kama unavyotaka wewe akae mahali pamoja kwa rangi.

Mchangiaji wa pili:

Naomba nitie neno kuhusu kipimo hiki cha kuondoa rangi, kwa kuwa naona kimeanza kugeuzwa sheria. Mchoraji Mfaransa Claude Monet, katika picha yake ya mwaka 1872 ya bandari ya Le Havre wakati wa mapambazuko, alipaka jua la rangi ya chungwa juu ya anga la kijivu na buluu. Ukiiondolea picha hiyo rangi, jua karibu linatoweka, kwa kuwa mwangaza wake unalingana sana na wa anga linalolizunguka. Picha haikuharibika kwa sababu hiyo. Kinyume chake, hapo ndipo jua linapoonekana kama linatetemeka, maana ile sehemu ya uwezo wetu wa kuona inayotambua mahali na mwendo hutegemea zaidi mwanga na giza, nayo inakosa pa kushika. Kwa kipimo chako cha simu, ndugu yangu, Monet angeambiwa arudie.

Niongeze jambo la pili. Kiwango cha mwanga hakisomwi peke yake. Michel Eugène Chevreul, mkemia aliyesimamia upakaji rangi wa nyuzi katika karakana ya kufuma mazulia ya ukutani ya Gobelins, Paris, aliletewa malalamiko kwamba rangi nyeusi ya nyuzi ni hafifu. Akachunguza na kubaini kwamba yaliyolalamikiwa hayakutokana na nyuzi nyeusi zenyewe, bali na rangi zilizopangwa kando yake. Matokeo ya uchunguzi huo aliyachapisha mwaka 1839. Kijivu kilekile kitaonekana cheupe kando ya mweusi na kitaonekana kichafu kando ya mweupe. Kwa hiyo mchoro wako mdogo wa viwango vitano utakudanganya iwapo utauandaa juu ya karatasi nyeupe kisha upake juu ya turubai lililotiwa rangi ya kahawia.

Mwanzisha uzi:

Hilo la mwisho limenigusa mahali penyewe, kwa sababu ndivyo nilivyofanya. Turubai la mafuta nilikuwa nimelipaka tabaka la kahawia kwanza, na nilipoweka mwanga wa kitambaa nilidhani umekuwa mkali mno, nikaupunguza. Turubai lote lilipofunikwa, kitambaa kikawa kama hakijafuliwa. Nitarudia sehemu hiyo.

Kuhusu Monet, nakubali, lakini nadhani tofauti kati yake na mimi ni kwamba jua lake ni sehemu moja ndogo ndani ya picha ambayo mashua zake nyeusi zinasomeka wazi. Kwangu pua, kitambaa, majani na paka vilizama vyote kwa pamoja.

Mchangiaji wa tatu:

Ninyi mnazungumzia macho. Naomba nizungumzie nyumba. Umetaja mafuta ya kitani bila kutaja vitambaa. Kitambaa kilichofutiwa mafuta hayo kikikunjwa na kutupwa kwenye pipa kinaweza kuwaka moto chenyewe, kwa sababu ule uvutaji wa oksijeni unaoukausha mchoro hutoa joto, na joto likikosa pa kutokea ndani ya mikunjo huzidi kupanda. Kitandaze kikauke kikiwa wazi nje ya nyumba, au kitie ndani ya chombo cha chuma chenye maji na mfuniko. Vumbi la pasteli nalo usilipulize kwa mdomo, bali uigonge picha kwa nyuma ikiwa imesimama wima ili lidondoke. Na kama unatumia rangi zenye kadmiamu, ambayo ni metali yenye sumu, kula na kunywa kufanyike mbali na meza ya kazi.

Kwa wanaoanza, nisisitize pia kanuni ya tabaka. Katika rangi za mafuta, tabaka la juu liwe na mafuta mengi kuliko la chini, la sivyo la juu litakauka kwanza na kupasuka wakati la chini bado linatembea. Unaweza kupaka mafuta juu ya akriliki iliyokauka. Kinyume chake usijaribu, kwa sababu akriliki haishiki juu ya mafuta. Turubai tupu nalo lipakwe jeso kwanza, yaani rangi ya msingi, maana mafuta yakigusa nyuzi moja kwa moja huzidhoofisha kadiri miaka inavyopita.

Halafu kagua majina ya rangi ulizotumia. Nyekundu nyingine hufifia. Katika picha ya chumba chake cha kulala ya mwaka 1888, Van Gogh alizipaka kuta rangi ya zambarau, na leo tunaziona za buluu kwa kuwa wekundu uliokuwamo umekwisha kufifia.

Mwanzisha uzi:

Ahsante sana, ndugu. Vitambaa vyangu vilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki chini ya meza. Nimeinuka nikavitoa kabla ya kujibu.

Mchangiaji wa nne:

Mimi ni mgeni katika mambo haya na nina maswali mawili. Kwanza, mnapataje rangi ya ngozi? Nimechanganya kahawia na nyeupe, na kila sura ninayochora inaonekana mgonjwa. Pili, je, ni vibaya kuchora kwa kutazama picha ya kamera?

Mwanzisha uzi:

Karibu sana. Nyeupe ndiyo inayokuumiza, kama ilivyoniumiza mimi. Rangi nyeupe hufanya mchanganyiko uwe na mwanga zaidi, lakini pia huupoza na kuutia chaki, na ngozi yenye weusi au wekundu wa udongo huonekana kufa. Jaribu kuinua mwanga kwa manjano ya udongo na wekundu kidogo kabla ya kuifikia nyeupe, na kwenye kivuli usiongeze nyeusi itokayo moja kwa moja kwenye tyubu. Changanya kahawia ya udongo uliochomwa na buluu ya ultramarini, upate giza ambalo unaweza kulivuta upande wa joto au wa ubaridi. Kisha tazama paji la uso la mtu aliyeketi karibu na dirisha. Kwenye ngozi nyeusi inayong'aa, mng'ao ule mara nyingi una ubuluu wa anga, na ukiupaka kwa kahawia iliyotiwa nyeupe sura inakuwa ya mbao.

Picha ya kamera si dhambi. Tatizo lake ni kwamba mara nyingi hukizamisha kivuli kikawa cheusi kitupu, au huunguza mwanga ukawa mweupe mtupu, na wewe utakinakili kile ambacho kamera imeshindwa kukiona. Sura ya mjomba niliyoitaja niliichora kutoka kwenye picha iliyopigwa kwa taa ya mbele ya simu. Taa ya mbele hufuta vivuli vyote vya uso, na pua ilikuwa imekwisha kutoweka kabla sijashika brashi.

Mchangiaji wa tano:

Nimesubiri mtu aseme jambo hili na hakuna aliyelisema, basi nalisema mimi. Mnazungumza kana kwamba uchoraji wote ni kufukuza kivuli cha chupa. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za kung'aa za mafundi juu ya mbao bapa za mraba, aliwachora wanyama na ndege bila dirisha la kushoto wala la kulia, na mtindo uliopewa jina lake umedumu tangu alipofariki mwaka 1972. Rangi zile zinatanda, zinang'aa na zina kingo kali, na hazimwombi mtu alainishe chochote. Ndugu mwanzisha uzi, huenda tatizo lako si viwango vya mwanga. Huenda umejilazimisha kuchora kwa namna ambayo huipendi.

Mwanzisha uzi:

Swali hili limenifanya nirudi sakafuni. Jana usiku nilitafuta picha kadhaa za mtindo huo na kuziondolea rangi kama nilivyofanya kwa zangu. Hazikuzama. Ndege alisimama mbele ya usuli wake, na madoa yake yalisomeka, kwa sababu mchoraji asiye na haja ya kivuli bado huweka giza kando ya mwanga. Kwa hiyo kipimo kimebaki, lakini naona umenigusa mahali pengine: kati ya picha zangu 74, mbili tu ndizo zilizopita kipimo hicho vizuri, na zote mbili ni kati ya zile nne dhahania ambazo nilisema sikumbuki nilikusudia nini. Nilipozichora sikuwa na kitu cha kunakili, nikawa napanga giza na mwanga tu hadi vikatulia. Sijui kama ninapenda namna ile kuliko chupa. Nitachora nyingine mbili au tatu nione.

Mchangiaji wa kwanza:

Na zile picha tano za chupa je? Umetupa maelezo marefu bila kutuambia ni ipi iliyokuwa bora.

Mwanzisha uzi:

Ya pasteli, tena kwa mbali. Pasteli ni chembe za rangi zenye gundi kidogo mno, haibadiliki kwa kukauka kwa kuwa haina maji, na kwa hiyo kiwango nilichokiona wakati wa kupaka ndicho nilichobaki nacho. Nilianza na karatasi ya kijivu ya wastani yenye mkwaruzo, nikaweka giza upande mmoja na mwanga upande mwingine, na karatasi yenyewe ikafanya kazi ya katikati. Sikuipulizia dawa ya kushikiza, kwa kuwa niliijaribu kwenye kipande kingine nikaona inaikolesha rangi na kuua ule unga wa juu. Nimeiweka nyuma ya kioo, na kati yake na kioo nimeweka fremu ya kadibodi ili visigusane. Ya mafuta bado iko ukutani bila vanishi. Sehemu za kahawia zimekauka kabisa, lakini nikiibonyeza kwa ukucha pale kwenye weusi wa chupa ya kijani, nilipoweka rangi nene, bado inabonyea.